Koleo na Birika katika Nchi ya Ung'avu

Namna Machano alivyofika Ung'avu haituhusu. Anayetaka habari za njia akaiulize njia. Sisi tunamkuta amekwisha kufika, mkoba wa miwani ya kusomea begani, na tumaini la kuiuza yote kabla ya kurudi kwa mama yake kule Donge. Tumaini ni kitu kizuri, hakina uzito. Mkoba ulikuja kurudi na uzito wake ule ule, pungufu jozi moja, na hata hiyo moja hakuiuza. Tutafika huko.

Nchi yenyewe ni nzuri, tusiisingizie. Ina vilima vya mawe yanayowaka bila moto. Ukiliangalia jiwe hulioni likiwaka, ukiligusa huungui. Unaungua baadaye, kwa ndani, ukiwa umeshasahau kama uligusa. Kwa mawe hayo Wang'avu wanawasha Taa za Mifupa. Mtu akisimama mbele ya taa, mbavu zake zinaonekana kama fito za ukuta ambao haujakandikwa, na kilichojificha kifuani kinajulikana bila kisu wala ramli.

Na kwa kuwa mawe yana hasira, kuna Chama cha Walinzi wa Mionzi. Kazi yao ni kuhakikisha taa inamuona mgonjwa bila kumdhuru yeye wala anayeiwasha. Kabla ya kuwasha, Mlinzi huuliza maswali matatu: Ina faida? Kidogo kiasi gani kinatosha? Mpaka uko wapi? Maswali haya yalianzia kwenye taa, yakatoka nje, yakaenea nchi nzima. Mpishi huyauliza kabla ya kutia chumvi. Bibi harusi huulizwa yote matatu mbele ya mashahidi, na ndoa nyingi huishia kwenye swali la kwanza.

Hata kupiga hodi kuna utaratibu wake. Nyumba ya kwanza aliyoingia Machano, mwenyeji alimpokea kwa uso mkunjufu, akamvutia kiti na kumwambia karibu sana, utaondoka saa ngapi? Machano alinuna. Alinuna mpaka chai ilipoletwa. Baada ya siku chache akaona hekima yake, kwamba katika Ung'avu hakuna mgeni anayechokwa, kwa hiyo wageni wote wanapendwa. Akawakumbuka wajomba zake wawili waliokuja kwao kwa arusi ya dada, na dada sasa ana watoto wanne.

Wito wa Walinzi umedariziwa kwenye kola za makoti yao ya sherehe: Kaa kidogo, kaa mbali, kaa nyuma ya kitu. Zamani wananchi waliwacheka sana. Watu wazima, na akili zao, kuogopa kitu kisichoonekana, kisichonuka, kisichosikika! Watoto waliwaimbia njiani. Walinzi wakavumilia, wakaendelea kupima.

Ndipo ikaja homa ya pumzi. Nayo haikuonekana, haikunuka, na haikusikika mpaka imeshakohoa. Serikali ikawakumbuka Walinzi kama mtu anavyomkumbuka fundi bomba siku maji yanapoingia sebuleni. Wakaitwa ikulu, wakakalishwa viti vya mbele, wakaulizwa wafanye nini.

Chama, kwa kweli, hakikujua lolote kuhusu homa. Lakini kuulizwa ni kutamu, na mtu aliyeulizwa kwa mara ya kwanza maishani hajibu kwamba hajui. Wakajibu kile walichokijua. Wakasema kila raia avae joho la madini ya risasi, kama lile wanalovaa wao mbele ya taa. Wiki ile soko la Ung'avu lilijaa kobe. Muuza nyanya akiinama kuokota nyanya, hakuweza kuinuka mpaka majirani wamvute wawili huku na wawili huku. Mashekhe walifupisha sala, wachumba wakaahirisha kupiga magoti. Homa ikayapita majoho yote kwa heshima, ikaingia puani, ambako hakukuwa na risasi.

Hapo Chama kikafanya jambo ambalo Machano alisimuliwa mara kwa mara, na kila aliyesimulia alishusha sauti kama anayetaja muujiza. Kiliomba radhi. Kilitoka hadharani kikasema: tulijibu kabla ya kupima, vueni. Kikaenda kukaa na matabibu, kikauliza badala ya kujibu, na baada ya kusikiliza kikagundua kwamba dawa ya muda ilikuwa imedariziwa kolani mwao siku zote. Kaa kidogo na wenzio. Kaa mbali nao. Kaa nyuma ya kitu, hata kiwe kitambaa tu puani.

Serikali ikafurahi, na serikali ikifurahi hutunga sheria. Ikatungwa Sheria ya Pima Mbili: asiwepo mtu karibu na mwenziwe chini ya pima mbili za mikono iliyonyooshwa, kwa sababu yoyote iwayo. Kila mtaa ukapewa Ofisa wa Umbali mwenye ufito uliopakwa rangi. Wa mtaa aliofikia Machano alikuwa Bwana Farjala, mtu mnene, mwema, asiyepokea kitu cha mtu. Ili kujua kama watu wawili wametengana pima mbili, Bwana Farjala aliingia katikati yao na ufito wake, akimhemea mmoja shingoni na mwingine usoni. Machano alimuuliza kwa adabu kama yeye mwenyewe hahesabiwi. Bwana Farjala akamweleza kwamba hapo amesimama kama serikali, na serikali haina pumzi.

Basi Machano hakuuza miwani. Mteja wa miwani anataka kuvalishwa, ajitazame, ageuke, aambiwe imempendeza. Kwa pima mbili hilo haliwezekani. Akaamua kurudi kwao. Asubuhi ya safari akanunua muhogo wa kukaanga pale langoni mwa nchi, ukiwa na pilipili ya Ung'avu, ambayo nayo huwaka baadaye. Akakohoa.

Lango zima likageuka. Bwana Farjala akanyoosha ufito. Machano akajaribu kueleza habari za pilipili, lakini kila alipofungua mdomo kilitoka kikohozi kingine, na kesi yake ikawa imejisemea yenyewe. Sheria ilikuwa wazi: mgeni aliyekohoa hadharani hatoki mpaka Taa ya Mifupa imuone, na ikimuona safi, aende zake.

Nyumba ya taa ilikuwa hapo hapo langoni. Mlinzi wake aliitwa Bi Tamasha, mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya mtu anayezungumza na viziwi, kwa sababu mwaka mzima alikuwa akizungumza na watu kupitia dirisha la kioo kizito. Nje ya nyumba hiyo watu walikaa kwenye foleni, kila mmoja ndani ya duara lake la chokaa. Mbele ya Machano alikaa mwalimu wa chuo aliyekuwa akihema kama mtu aliyekimbia, na hali tangu asubuhi hajanyanyuka.

Kabla zamu haijamfikia hata mwalimu, jua lilikuwa limeshainama na taa imeshapoa kwa siku ile. Bi Tamasha akamwambia Machano arudi kesho kutwa, kama Mungu akipenda na Chama kikipenda. Machano akataka kujua Chama kinaingiaje.

Bi Tamasha akagonga kioo kidogo kilichobanwa kifuani pake, ukubwa wa kifungo cha koti. Ile ndiyo beji. Kila Mlinzi anayo. Mionzi yote inayompata inanywewa na beji ile mwaka mzima, na mwisho wa mwaka inasomwa, ijulikane amekunywa kiasi gani na kama amefika mpaka. Mlinzi aliyevuka mpaka anapumzishwa. Mlinzi ambaye beji yake haikusomwa, taa yake inatiwa kufuli jua linapozama siku ya Mkutano Mkuu. Na Mkutano Mkuu ulikuwa kesho.

"Basi jisomee," Machano akasema. "Miwani ninayo, nakuazima bure."

"Wewe ukijitazama kiooni, unajiona mbaya?"

"Hasha."

"Ndiyo maana hatujisomei."

Akaendelea kumweleza, kwa ile sauti yake ya viziwi, hata foleni nzima ikasikiliza. Beji inasomwa na mwenzio. Tena kioo chake hakitoi rangi mpaka kipuliziwe pumzi ya moto, mdomo ukaribie kifua kama mtu anayepuliza jicho la mtoto. Pumzi ile ndiyo kiapo. Aliyekupulizia ameweka pumzi yake rehani kwamba anachokisoma ni kweli. Hivyo ndivyo walivyofanya tangu mababu. Na Sheria ya Pima Mbili inasema asiwepo mtu karibu, kwa sababu yoyote iwayo. Sheria moja inasema taa ifungwe usipopuliziwa, ya pili inasema ufungwe wewe ukipuliziwa.

Machano, ambaye kwao alikuwa hodari wa kucheka matatizo ya watu, alitazama ile foleni na kicheko kikamkwama. Taa za nchi nzima zingefungwa kesho, katika mwaka ambao kila kifua kilitaka kuonwa. Mwalimu wa chuo aliendelea kuhema.

"Hata sheria isingetaka, mimi ningetaka isomwe," Bi Tamasha akasema, safari hii kwa sauti ya chini. "Mwaka huu nimeiwasha kuliko miaka yangu yote. Nami nina kifua."

Kesho yake wakaenda mkutanoni pamoja, ikiwa kwenda pamoja ni kutembea kila mmoja upande wake wa barabara mkipigiana kelele. Zamani, Bi Tamasha alimsimulia kutoka ng'ambo ya pili, Mkutano Mkuu ulifanyika ndani ya hema moja. Watu walibanana, wakasomeana beji, wakagombana, wakala pilau sinia moja, na waliogombana ndio waliotupiana minofu. Mwaka huu wamehamia Ua wa Madirisha. Ni ua mpana wa mawe uliozungukwa na nyumba za wageni, na kila mjumbe amepewa dirisha lake na bomba la kusemea, la shaba, lenye mdomo mpana kama ua la boga. Bomba likiwa na kizibo, halitoi kitu. Machano akapewa dirisha la watazamaji, jirani na mfereji wa maji machafu.

Rais wa Chama, Daktari Ngwali, alifungua mkutano kwa hotuba ndefu. Alinyoosha mikono, akapiga kifua, akafuta jasho, na hakuna aliyesikia neno, kwa maana hakutoa kizibo. Wajumbe wote wakaanza kumpigia kelele atoe kizibo. Nao hawakuwa wametoa vya kwao. Daktari Ngwali akaona midomo ikifunguka pande zote za ua, akadhani anashangiliwa, akarudia sehemu aliyoona imewagusa zaidi.

Vizibo vilipotoka, ikawa balaa la aina nyingine. Mbuzi alipita nyuma ya mjumbe wa kaskazini akiwa na kitu mdomoni ambacho, ilikuja kujulikana, kilikuwa ajenda. Mjumbe mmoja alivuta pazia akatundika kibao kilichosema yupo, na harufu ya samaki wa kukaanga ikathibitisha kwamba kweli yupo. Mwanamke akasikika ua mzima akimuuliza mumewe kama mkutano huo utaleta mkaa nyumbani. Hoja hiyo haikujibiwa.

Wakafika kwenye beji. Mmoja akashauri zisomwe kwa darubini, akaulizwa darubini inapuliza? Mwingine akaleta wazo la mvukuto wa mhunzi wenye mrija wa pima mbili, likafia kwenye suala la nani atakayevuta upande wa pili. Wa tatu, mtu wa sheria, alipendekeza Chama kiamue kwamba mwaka usiishe. Kama mwaka hauishi, beji hazidaiwi. Hoja hii ilipokelewa kwa furaha kubwa mno. Ilianguka kwa kura chache tu, za wale waliokuwa wanangojea kustaafu.

Jua lilikuwa limeshavuka katikati ya ua. Bi Tamasha akaomba nafasi.

Alichosema kilikuwa kifupi. Kioo kinataka joto na unyevu, je, lazima vitoke kifuani mwa mtu? Mvuke wa birika una vyote viwili. Beji ivuliwe, ishikwe kwa koleo refu, lile la kushikia mawe, ipitishwe juu ya birika, na msomaji asimame nyuma ya kioo kizito. Vifaa vyote wanavyo. Wanavitumia kila siku.

Wajumbe wote wakarudi hatua moja nyuma ya madirisha yao. Machano hakuelewa, mpaka mtazamaji wa dirisha la pili alipomnong'oneza kwa kelele. Katika Ung'avu, koleo ni la jiwe. Kumshikia mtu kitu chake cha mwilini kwa koleo ni tusi ambalo hakuna lingine juu yake. Wake wameachika kwa hilo. Kuna ndugu wawili wa kilimani hawajasemezana tangu mmoja alipompa mwenzie kofia kwa koleo, naye alikuwa anapika tu.

Akasimama Mwalimu Tindwa, Mtunza Mila wa Chama. Alikuwa mzee wa sura nzuri, ndevu zimechanwa, koti la sherehe limepigwa pasi mpaka linang'aa, na dirishani alionekana kama picha iliyotundikwa. Ndiye aliyewafundisha kazi nusu ya wajumbe. Ndiye aliyesoma beji ya kwanza ya Bi Tamasha.

"Birika halina mama," akasema. "Litaapa kwa nani?"

Wajumbe wakapiga makofi. Mwalimu akangoja yaishe. Akasema yeye amewapulizia wenzake miaka yote hiyo na amezijua afya zao kwa harufu za chakula chao. Akasema homa imewanyang'anya hema, imewanyang'anya sinia, na sasa wanataka kuikabidhi na pumzi, waikabidhi wenyewe, kwa mikono yao. "Siku nitakayomshika mwenzangu kwa koleo," akamaliza, "nitakuwa nimemwambia yeye ni jiwe."

Makofi yakawa marefu zaidi. Daktari Ngwali akasema hoja ya Bi Tamasha itapelekwa kwenye kamati, ambayo itakutana mwakani. Machano akatazama dirisha la Bi Tamasha. Lilikuwa tupu.

Akamuona chini, uani, peke yake. Alikuwa ameliburuta jiko la muuza chai wa mkutano, birika likiwa juu yake linatoa mvuke. Pembeni alisimamisha kioo kizito cha maonyesho ya Chama na koleo refu lililokuwa limelazwa hapo kwa ajili ya kutazamwa tu. Akaivua beji yake, akaiweka juu ya meza ya jiwe. Kisha akarudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka Bwana Farjala, aliyekuja mbio na ufito, akaridhika.

Hakuwa na bomba. Ile sauti ya viziwi haikulihitaji.

"Mwalimu Tindwa. Siku ya kwanza uliniuliza kwa nini jiwe tunalishika kwa koleo. Nikajibu, kwa sababu tunalichukia. Unakumbuka ulinifanya nini?"

Mwalimu akashika ndevu zake.

"Ulinichapa rula ya vidole. Ukasema tunalishika kwa koleo kwa sababu tunataka na kesho tulishike tena. Ukasema, mbali si chuki. Nimewafundisha hivyo wanafunzi wangu, na hao wa kwao." Akapumua. "Mimi nataka na mwakani unisomee, Mwalimu. Na mwaka wa pili yake. Nishike kwa koleo."

Mzee akabaki amesimama ndani ya fremu ya dirisha. Halafu picha ikawa haina mtu.

Wakasikia ngazi. Kandambili zikishuka, taratibu, moja inaburuta. Mlango wa nyumba ya wageni ukafunguka na Mwalimu Tindwa akatoka juani, ndevu zimechanwa, koti la sherehe linang'aa, kola imedariziwa nyuzi za dhahabu. Na chini ya koti, kwa kuwa dirisha huishia kiunoni na mtu hakutegemea kushuka, alikuwa amevaa bukta ya kulalia yenye picha za kuku.

Hakuna aliyeanza, wote walianza. Kicheko kilitoka madirishani kama maji yaliyopasua bwawa, hakikupitia bomba, hakikungoja nafasi kwa Rais. Wajumbe waliegemea vizingiti. Yule wa pazia alifungua pazia na samaki mkononi. Daktari Ngwali alilia machozi. Mwalimu Tindwa alijitazama, akawaona wale kuku, akafikiri kidogo, akaendelea kutembea.

Alisimama nyuma ya kioo. Akanyanyua koleo, akaibana beji ya Bi Tamasha kama mtu anayeokota yai, akaipitisha juu ya mvuke. Bwana Farjala akaingia katikati kupima umbali wa birika na koleo, akaungua kidogo kidole cha serikali, akatoka.

Rangi ikaja polepole. Bi Tamasha hakuweza kuiona kutoka pale alipokuwa, naye Machano aliona jinsi alivyoshika kola yake kwa mikono miwili. Beji inayofikia mpaka huwa nyeusi kama kahawa. Baada ya hapo hakuna kazi tena, na pengine hakuna mambo mengine pia.

"Chai ya maziwa," Mwalimu Tindwa akasema. Akainamisha kichwa kuangalia tena. "Imekolea kuliko mwaka jana, mwanangu. Punguza. Ijumaa upumzike, taa aishike mwingine. Lakini ni chai ya maziwa."

Bi Tamasha akakaa chini juu ya mawe ya ua, kama mtu aliyekatwa kamba.

Hapo Daktari Ngwali, aliyekuwa Rais na kwa hiyo alipaswa kuharibu jambo, alitoa kizibo chake na kuuliza kiapo kiko wapi. Rangi wameiona, sawa. Lakini mila inataka pumzi ya shahidi, na birika, kama alivyosema Mtunza Mila mwenyewe, halina mama.

Mwalimu Tindwa akageuka, kuku wakageuka naye.

"Mmenicheka?"

Wakakiri kwamba wamemcheka.

"Yupo ambaye hakucheka?"

Hakuwepo. Hata Bwana Farjala aliinamisha ufito.

"Basi kicheko kinatoka wapi, kama si kifuani? Nimesimama hapa na pumzi zenu zote zimenifikia, na hata moja haikunigusa. Miaka yote beji ilikuwa na shahidi mmoja. Hii ina ua mzima, na hakuna atakayethubutu kusema hakuwepo."

Ikapigwa kura. Ilipita kabla mtu wa sheria hajapata bomba lake. Alasiri ile wajumbe walishuka mmoja mmoja, beji zikasomwa juu ya birika, na kila msomaji alipaswa kwanza afanye jambo la kuchekesha ili kiapo kitimie. Wengi hawakuhitaji kufanya kitu. Walipotoka milangoni ilionekana kwamba Chama kizima kilikuwa kimehudhuria mkutano nusu nusu. Ilipofika jioni taa zote za Ung'avu zilikuwa na ruhusa ya kuwaka, isipokuwa mbili ambazo walinzi wao walisomwa kahawa, wakapumzishwa, na wakashukuru kujua mapema. Kabla hawajatawanyika ikaundwa kamati ya kuteua bukta rasmi ya usomaji. Kuku walipita kwa kura nyingi.

Siku iliyofuata foleni ya langoni ikasogea. Mwalimu wa chuo alimulikwa wa kwanza. Pafu moja lilikuwa na kivuli kidogo chini, kimewahiwa, na matabibu wakampokea mlango wa pili. Machano alipomulikwa, Bi Tamasha aliuliza kwanza yale maswali matatu, akajijibu mwenyewe, akawasha kwa muda mfupi sana. Kifua kilikuwa cheupe. Kulikuwa na ubavu mmoja uliowahi kuvunjika na kuunga upande.

"Mpera wa jirani," Machano akasema. "Nilikuwa juu, akaja mwenyewe."

"Na hicho kikohozi?"

"Nilikwambia pilipili."

"Wote mnasema pilipili."

Machano akatoa jozi moja ya miwani mkobani, nzuri kuliko zote, akasema asome nazo beji za wenzake mwakani, si zawadi, ni shukrani za kulala langoni siku mbili. Akanyoosha mkono, akakumbuka, akaurudisha. Bi Tamasha akapitisha koleo chini ya dirisha la kioo, akaichukua miwani kwa ncha zake bila kuikwaruza. Machano alitazama chuma kile kikimkaribia vidoleni na hakuona tusi lolote. Aliona jinsi kilivyoshikwa kwa uangalifu.

"Umekaa vizuri, mdogo wangu," Bi Tamasha akamuaga, "na unaondoka kwa wakati." Katika Ung'avu hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Wengine huandikiwa hiyo kaburini.

Namna alivyorudi nayo haituhusu. Tunamkuta ameingia uani kwao, Donge, mchana, mkoba begani. Huku nako watu walikuwa wameanza kukohoa, redioni idadi yao inatajwa, na yeye anatoka katika nchi za watu. Mama yake alikuwa jikoni. Alipomuona alitupa upawa, akaja amefungua mikono yote miwili.

"Mama, simama hapo hapo."

Mama akasimama. Akamtazama juu mpaka chini, kama ambaye ameletewa mtoto mwingine.

"Unanikimbia? Mimi?"

Machano akaingia jikoni kwa upande wa pili, akachukua koleo la makaa, akalifuta kwa shati. Akatoa mkobani kanga aliyomnunulia, akaibana kwa ncha za koleo, akaunyoosha mkono kadiri ulivyofika. Kanga ikaning'inia katikati ya ua. Alitaka kueleza habari za jiwe na kesho, na rula ya vidole, lakini mama yake alikuwa anatazama koleo, kisha uso wa mwanawe, kisha koleo tena.

Aliipokea kanga. Akaikunja, akaibana kwapani. Halafu akainama, akavua kandambili ya mguu wa kulia.

Ikavuka ua mzima ikampata begani, pale pale ilipokusudiwa. Machano akaupima umbali ule kwa macho. Pima mbili kamili, na hakuna kilichopungua njiani.